Ndugu Tisa wa Koti la Kahawia

Mume wangu ni mfasiri wa filamu, na mimi nimezisikia filamu zake zote bila kuiona hata moja. Chumba chetu cha mbele ndiko ninakoshonea nguo za watu. Chumba cha nyuma ndiko anakorekodia sauti yake, godoro kuukuu limeegemezwa ukutani ili sauti isivuje, na inavuja vilevile. Kwa miaka ishirini na miwili nimekunja pindo za magauni huku nikisikia watu wakiapa, wakiuana na kulilia makaburini, wote kwa sauti ya mtu mmoja ambaye asubuhi alinung'unika kwamba chai haina sukari.

Mimi namwita Baba Mapacha, kwa sababu ndivyo alivyo. Ukumbini, mtaani kwetu, zinakoonyeshwa filamu hizo, wanamwita Neno kwa Neno. Wenzake wa kazi hiyo huongeza chumvi: jambazi akisema "simama", wao watamtukana mtu mpaka bibi yake mzaa bibi. Mume wangu hapana. Jambazi akisema "simama", yeye anasema "simama", basi. Akinyamaza, naye ananyamaza. Huwa anasema mfasiri ni daraja, na daraja halimuulizi mtu anakwenda wapi. Maneno mazuri, sikatai, lakini daraja hilo lilikuwa limeanza kukosa wapitaji.

Jumatatu moja Mwenye Ukumbi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu bila kusogeza vitambaa vilivyokuwa juu yake. Alizunguka mbuyu weee, akaulizia mapacha, akaulizia presha yangu, mwisho akatua. Vijana hawaji tena. Wanabaki majumbani wanacheza gemu. Wale wachache wanaokuja wanataka filamu yenye maandishi chini, maana maandishi hayakohoi wala hayachelewi. Sasa imetoka filamu iliyotengenezwa kutokana na gemu ambayo kila kijana wa mtaa anaicheza, ya mtu anayepanda mlima kutafuta mji uliopotea. Alimkabidhi mume wangu flashi. Alisema kama filamu hiyo haitajaza ukumbi Jumamosi na Jumapili, itabidi Neno kwa Neno apumzike.

Mtu wa miaka hamsini na minne akiambiwa apumzike, ajue ameshafukuzwa, ila kwa adabu. Mume wangu aliitikia kichwa kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. Mimi nilijidunga sindano kidoleni, nikaogopa kwelikweli, kwa sababu huyu bwana hana kazi nyingine. Hata kifungo hajui kukishikiza.

Ndani ya flashi mlikuwa na mafaili mawili, moja la dakika tisini na tano, jingine la saa tatu. Hapo ndipo alipokosea, na kwa kosa lake nitamtetea mpaka kesho. Katika kazi yao faili refu ndilo zima. Fupi mara nyingi limekatwa mwisho. Zamani aliwahi kufasiri faili fupi, filamu ikakatika bwana harusi akiwa bado anakimbilia kanisani, na watu wakavunja viti vinne. Tangu siku hiyo hachagui tena, anachukua refu. Akachukua la saa tatu, akafunga mlango.

Jumanne nzima nilisikia kimya kingi kuliko maneno. Kila mara alifungua mlango akatoa kichwa.

Mara ya kwanza aliniambia kwamba jamaa ameanguka kutoka kwenye daraja la kamba, amekufa kabisa, na dakika ileile yuko tena mwanzo wa daraja, mzima, na koti lake la kahawia. Nikamwambia arudishe nyuma, labda amesinzia. Akarudisha. Jamaa akafa tena, akawa mzima tena. Na kulikuwa na kimstari chekundu pembeni kinachopungua kila jamaa akiumia. Mume wangu aliamua kwamba hiyo ni nembo ya kampuni.

"Labda ni pacha wake," nikasema, mkono uko kwenye cherehani. Mtu aliyezaa mapacha huwaona mapacha kila mahali.

Alirudi ndani. Baada ya nusu saa mlango ukafunguka.

"Pacha naye amekufa. Yuko wa tatu."

"Basi ni ndugu. Tumbo moja."

"Wote na koti moja?"

"Mama yao ni fundi. Alikata kitambaa kimoja, akawashonea wote."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na sare ishirini za kumaliza na sikutaka kusumbuliwa. Hakucheka. Alisimama pale mlangoni akiwa na mashaka makubwa. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kutia neno lisilosemwa, lakini alisema filamu hii haisemi kitu, na mtu wa ukumbini atauliza huyu ametoka wapi. Lazima aambiwe. Akaniuliza kama sentensi moja tu itakuwa dhambi. Nikamwambia sentensi moja haijaua mtu. Akafunga mlango, nikamsikia akisema kwenye maikrofoni, kwa aibu, kwamba mama yao alikuwa na wana tisa na aliwashonea makoti kwa kitambaa kimoja.

Sijui kwa nini alisema tisa. Lakini ukishataja idadi lazima uifuate, na jamaa alivyokuwa anakufa, tisa walitosha kwa shida. Mwingine aliteleza kwenye barafu, mwingine akaliwa na mbwa mwitu, mwingine akaruka shimo ambalo hata mimi niliyekuwa sioni nilijua halirukiki. Kila mmoja mume wangu alimpa sababu ya kuendelea na safari ya kaka yake. Alhamisi nilikuwa nimeacha cherehani kwa makusudi, nashona kwa mkono, ili mlio wake usinizibe masikio. Wa tano alikuwa mwoga. Wa sita alikuwa ameacha mchumba. Nilimchukia wa saba kwa sababu alikwenda bila kumuaga mama.

Halafu ikaja sehemu ya kusimama. Wa nane alifika mahali akasimama akitazama kilele, na hakusogea. Dakika kumi na moja. Hakusema kitu, hakukaa, upepo tu unampeperusha koti. Mfasiri mwenye akili angenyamaza, na yule niliyeolewa naye angenyamaza. Lakini nadhani alishachoka kunyamaza. Kwanza alikohoa, kisha akaanza kusema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya filamu.

"Nyuma siwezi kurudi," alisema. "Nikirudi wataniuliza unajua kufanya nini, na mimi najua kupanda mlima huu tu. Sikujifunza kingine. Nilidhani mlima hautaisha. Mama watoto anadhani siogopi, kwa sababu naitikia kichwa. Mimi huitikia kichwa nikiogopa."

Aliendelea hivyo, na mimi niliweka mkasi chini. Tangu Jumatatu tulikuwa tumelala kitanda kimoja na hakuwa amesema neno hata moja juu ya kupoteza kazi yake. Nililia, nikafuta macho na kipande cha bitana, nikaendelea kushona mkono wa shati ambao baadaye niligundua nimeushonea kwenye shingo.

Ijumaa alikuwa anasikiliza kazi yake yote kwa mara ya mwisho, sauti juu, na mimi nilikuwa nampima gauni mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Mwalimu alisimama mikono juu, futi kamba kiunoni, akisikiliza. Uso wake ulikuwa unabadilika.

"Fundi," akasema, "wanaume gani hao tisa?"

Nikamweleza kwa fahari. Aliniacha nimalize, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akanieleza polepole kama anayefundisha kutoa kwa kukopa. Hiyo si filamu. Hiyo ni gemu yenyewe, mtu aliicheza nyumbani kwake na kujirekodi. Hakuna ndugu. Ni mtu mmoja. Anayecheza akikosea jamaa anakufa, akianza tena jamaa anafufuka. Yeye mwenyewe anaicheza akimaliza kusahihisha madaftari, na pale kwenye daraja ameshakufa mara arobaini.

"Na pale anaposimama muda mrefu?"

Mwalimu akafikiri. "Pale hakuna kitu. Labda mchezaji alikwenda kula."

Nilimaliza kumpima na vipimo vyote nikaviandika kinyume, kifua mahali pa kiuno. Alipoondoka nilikwenda mpaka mlango wa nyuma nikainua mkono nigonge. Ndani wa nane alikuwa amesimama, anasema yale ya kuitikia kichwa. Nilishusha mkono. Nilijua kesho atakwenda kuchekwa mbele ya mtaa mzima. Nilijua pia kwamba bado kulikuwa na usiku mzima wa kufasiri lile faili jingine. Nilijua yote hayo na sikugonga, na mpaka leo mtu akiniuliza kwa nini, namwambia sijui. Sikuweza kumwambia mume wangu kwamba aliyatoa maneno yale ya moyoni kwa ajili ya mtu aliyeacha gemu akaenda kula ugali wake.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue huyu bwana nilifunga cherehani nikaenda. Tulisimama nyuma karibu na mlango, yeye amevaa shati la kwenda harusini. Filamu ikaanza, na kabla jamaa hajapiga hatua kumi, kicheko kilianza mstari wa mbele, kikaenda mpaka nyuma.

"Mbona wanacheka?" akaniuliza. "Hapa hakuna cha kuchekesha."

Niliangalia viatu vyangu. Jamaa akaanguka darajani, ukumbi ukapiga makofi. Sauti ya mume wangu ikasema juu ya mama na wana tisa, na nilidhani paa litang'oka kwa kicheko. Kijana mmoja alisimama akatangaza kwamba mzee ametafsiri gemu, jamani, mzee ametafsiri gemu. Ndipo Neno kwa Neno alipojua, hivyo, mbele ya watu. Alinigeukia. Lazima uso wangu ulisema, kwa sababu hakuuliza kama nilijua. Aliniuliza tangu lini.

"Jana," nikasema.

Akaitikia kichwa, akatoka nje. Nilitaka kumfuata, lakini nilibaki pale mlangoni. Niliogopa kubaki naye peke yetu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona, yeye hakuona. Kwa wa tatu bado walicheka. Kwa wa nne walicheka kidogo. Wa tano, yule mwoga, alipofika kwenye barafu, mtu alisema, "Huyu asipite hapo," na hakuna aliyemcheka. Walikuwa wanahesabu. Wa saba alipoondoka bila kumuaga mama, mwanamke mmoja alisonya kama mimi nilivyosonya Alhamisi. Na wa nane aliposimama kwa zile dakika kumi na moja, vijana ambao hawawezi kukaa dakika moja bila kugusa simu walikaa kimya wakimsikiliza mwanamume akisema anaogopa. Mbele yangu kulikuwa na fundi wa pikipiki, mikono ina oili. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Huyu nimemuua mara elfu. Sikuwahi kujua ana mama."

Jumapili walirudi wote, na wengine waliokosa. Mwenye Ukumbi alikuwa ameshaijua habari ya mafaili mawili, akamwagiza mume wangu afasiri filamu yenyewe, ile fupi, papo kwa papo, maikrofoni mkononi. Alikubali. Hakuwa amesema nami tangu jana isipokuwa kuomba chumvi. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitambaa cheupe kinachoonyeshewa filamu, akafasiri neno kwa neno, hakupunguza wala hakuongeza hata nukta.

Ilikuwa kazi safi. Filamu pia ilikuwa safi, milima ilikuwa mizuri kuliko ile ya jana, daraja lilikatika kwa ufundi mkubwa, na jamaa alipita. Alipita kila mahali. Alikuwa na utani kila akining'inia, na hakukuwa na sekunde moja ya kimya ambayo mtu angeweza kutia hata pumzi. Nusu ya watu walianza kuongea habari zao. Mwalimu wa hesabu, aliyekaa pembeni yangu, alinieleza kwamba kwenye gemu ukianguka ni wewe uliyeanguka, mikono inakutoka jasho, ila kwenye filamu unajua haanguki, picha yake iko kwenye bango. Kinyozi aliyekaa nyuma yetu alimpinga. Alisema ameipenda, kwamba mtu akitoka kazini anataka kumwona mwenziwe anavuka, si kuzika ukoo mzima. Niliona mwalimu ana hoja, na kinyozi ana hoja. Mtu wa mbele akapaza sauti akauliza wako wapi ndugu, na wengine wakaitikia.

Baadaye Mwenye Ukumbi alituita kando, anajikuna shingo.

"Shemeji, sielewi biashara yangu mwenyewe," akaniambia. "Filamu nimeileta, hawaitaki. Kosa wanalitaka."

Kisha akamgeukia mume wangu. Filamu sasa zitakuwa na maandishi, hilo amekata shauri. Lakini kila Jumamosi anataka kitu kama kile cha jana. Vijana watajirekodi wakicheza, yeye atie watu ndani ya gemu, kama alivyowatia wale ndugu tisa. Akimletea kingine Jumamosi ijayo na kikawashika, kazi yake ipo. Kama sivyo, ndiyo hivyo.

Mume wangu aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo. "Nitie watu ndani? Mimi?"

Sijui kama ilikuwa heshima au tusi. Miaka ishirini na miwili ya kutoongeza neno, na sasa anaachiwa kazi kwa sababu ya yale aliyoyaongeza. Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara.

Jumatatu aliletewa gemu nyingine, ya msichana anayekimbia juu ya mapaa ya nyumba. Aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikisikiliza. Saa nzima hapakuwa na kitu. Halafu sauti yake ikatoka, ile ya kazini, safi na ya kweli.

"Anakimbia. Anaruka. Ameanguka. Amekufa. Anaanza tena." Kimya. "Anakimbia. Anaruka. Amekufa. Anaanza tena."

Aliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Alikuwa anafasiri gemu neno kwa neno. Mtu aliyeshajua kwamba ndani hamna mtu atamtoa wapi wa kumsemea? Na aliyemjulisha alikuwa ukumbi mzima, na aliyemwacha ajulishwe na ukumbi mzima nilikuwa mimi. Jumanne ilikuwa vilevile. Jumatano nilimsikia akisema "amekufa" kwa sauti ya mtu anayejisomea barua ya kufukuzwa kazi, nikanyanyuka.

Sikugonga. Nilisukuma mlango, nikasogeza waya, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chetu kando yake. Sikuwahi kukaa pale akiwa kazini. Kwenye kompyuta msichana alikuwa amesimama ukingoni mwa paa, anahema.

"Huyu amemwacha nani nyumbani?" nikamuuliza.

"Hana nyumba, Mama Mapacha. Ni gemu. Si umeshaambiwa."

"Nimeambiwa. Lakini mbona anahema?"

"Wamemtengeneza ahema."

Msichana akakimbia, akaruka, akaanguka, na mimi nilijishika kifua, ingawa nilijua kila kitu, nilijua kuliko mtu yeyote. Akawa tena juu ya paa, anahema.

"Samahani ya Ijumaa," nikasema. "Nilifika hapo mlangoni. Ulikuwa unasema yale ya kuitikia kichwa, nikashindwa kuingia."

Kichwa chake kilianza kuitikia, kikasita katikati, kikatulia. Alikinyoshea kidole kioo cha kompyuta. Kisha akasema, bado hajanitazama, kwamba mimi hupima watu, lazima nimeona, yule msichana viatu vyake ni vikubwa, vinampwaya, angalia anavyotua.

Nikaangalia. Vilikuwa vinampwaya kweli.

"Ni vya nani?" nikamuuliza.

Akavuta maikrofoni karibu, akaiwasha.

"Vya dada yake," akasema.